Siku Yangu Moja na Otoklevu ya Maabara, Tanga

Saa moja asubuhi nilikuwa nimekwisha kufika maabara, kwa kuwa otoklevu, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, hukaguliwa ikiwa imepoa kabisa. Nilizima swichi ya ukutani, nikahakikisha geji ya shinikizo inasoma sifuri, ndipo nikafungua mlango.

Hadi saa mbili na nusu nilishughulika na chujio lililo chini ya chemba, ambalo lilikuwa limeziba kwa agari (rojo la kuoteshea vijidudu) iliyoganda, nyuzi za pamba na mabaki ya lebo. Nililisugua kwa brashi laini mpaka mwanga ukapenya kila tundu. Kwa maoni yangu hakuna kifaa kinachopuuzwa kama hiki, ilhali kazi yote inakitegemea: mvuke ni mwepesi kuliko hewa, hivyo hujaa kuanzia juu na kuisukuma hewa itokee chini kupitia chujio; njia hiyo ikiziba, hewa hubaki ndani, geji ikaonyesha shinikizo la kawaida huku joto likiwa halijafika nyuzi 121 za Selsiasi.

Saa tatu niliuvua mpira wa mlango, nikaupangusa na kuukunja kidogo kidogo kwa vidole nikitafuta nyufa. Upande wa bawaba ulikuwa umekakamaa, nikafunga mpya. Kisha nikatazama kama vali ya usalama ina kutu, maana hewa ya bahari haisamehi chuma, nikajaza maji yaliyokenekwa, kwani ya bomba huacha ukoko kwenye hita.

Saa tano niliiwasha kwa majaribio, nikiwa nimeweka katikati ya mzigo wa vifaa kichupa chenye spora (chembe sugu) za Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili sana joto. Hapa usawa wa bahari, paundi 15 kwa inchi ya mraba juu ya shinikizo la hewa hutosha kufikia nyuzi 121. Wenzetu wa Lushoto, walio milimani, huhitaji geji isome zaidi kidogo.

“Kaka, tepu imeshabadilika rangi, si tumemaliza?” aliuliza kijana aliye mafunzoni. Nilimweleza kwamba tepu, yaani utepe unaobandikwa kwenye mzigo, huonyesha tu kuwa mzigo umepita kwenye joto, haithibitishi kuwa vijidudu vimekufa.

Saa nane kichupa kiliingia kwenye inkubeta, kabati la joto la kuoteshea vijidudu, pamoja na kingine cha toleo lile lile ambacho hakikupikwa. Hicho cha pili lazima kigeuke rangi, kuthibitisha kwamba spora zilikuwa hai, na kile kilichopikwa kisigeuke. Niliandika yote daftarini, nikabandika mlangoni karatasi inayozuia matumizi hadi majibu yasomwe.