Mizigo ya Wengine na Furushi Langu

Katika Kituo cha Anga cha Kimataifa, kinachoizunguka dunia kwa kimo cha takriban kilomita 400, wanaanga huelea kana kwamba dunia imewaachilia. Haijawaachilia. Huko juu nguvu ya mvutano bado ni karibu asilimia 90 ya ile iliyopo hapa chini. Wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja wakati wote, ila kasi yao ya kuizunguka dunia ni kubwa kiasi kwamba hawaifikii ardhi. Uzito tunaousikia miguuni si kingine ila ardhi inayotuzuia tusiendelee kuanguka, nao hawana cha kuwazuia.

Mtu angedhani hiyo ni raha. Kumbe mifupa ya nyonga isiyobeba kitu huweza kupoteza asilimia 1 au zaidi ya madini yake kwa mwezi, na misuli ya miguu husinyaa, ndiyo maana wanaanga hutengewa kama saa mbili za mazoezi kila siku, wakikimbia huku wamefungwa mikanda inayowavuta chini.

Nimelisoma jambo hili pamoja na Wagalatia 6, ambapo Paulo anasema katika mstari wa 2, "Mchukuliane mizigo," kisha katika mstari wa 5 anasema kwamba kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe. Wapo wanaoona mgongano hapo, mimi siuoni. Msiba, deni la hospitali, mgonjwa aliyelala ndani mwaka mzima, hayo hayakukusudiwa mabega ya mtu mmoja, na kumwambia mfiwa kwamba uzito huo unamkomaza ni ukatili (rafiki zake Ayubu walikuwa na maneno mengi ya namna hiyo). Lakini kutubu, kumsamehe ndugu aliyenikosea na kutimiza nilichoahidi ni furushi langu, wala hakuna mchungaji au kikundi cha maombi kiwezacho kulibeba kwa niaba yangu. Hata Bwana, alipowaita waliolemewa katika Mathayo 11, aliwapa nira, akasema mzigo wake ni mwepesi. Hakusema kwamba haupo.

Wapendwa ambao wiki hii mmelemewa na mizigo ile ya kwanza, msisubiri ibada ya Jumapili. Mwambieni mmoja wetu leo.