Nusu pointi ya Kisumu

Nimefika Nakuru usiku wa jana na mpaka saa hii bado naona ule ubao. Raundi ya mwisho ya mashindano ya chesi kule Kisumu nilikutana na mzee mmoja, mimi nilikuwa na nyeupe, nikaanza na askari kwenye d4 kama siku zote (herufi na namba ni jina la nyumba ya ubao), mzee akajibu d5, nikaweka c4, akafunga na e6. Huu ufunguzi umechezwa sana jamani, ile mechi ya ubingwa wa dunia ya 1927, Capablanca na Alekhine kule Buenos Aires, walicheza gemu 34 na 32 zilikuwa hii hii, 25 kati ya zote zikaisha droo, yaani sare, kila mtu nusu pointi. Mimi sikutaka droo.

Nikakula pale d5 mapema, halafu nikapeleka askari wa b mbele pole pole, b4, b5, nikimsumbua c6. Ikashika! Nikawa na askari mmoja zaidi, malkia washatoka, tukabadilishana na farasi, tumebaki kila mtu na ngome moja. Nje jua linachoma mabati mpaka yanalia.

Hapo sasa mzee akatulia. Mfalme wake kasimama mbele ya askari wangu, ngome yake kaiweka mstari wa sita, huku na huku, anaisukuma na kidole kimoja bila kuiinua, na mfalme wangu hapiti. Nikafikiria dakika 14 nzima nikasukuma e6, na sijamaliza kubonyeza saa vizuri ngome yake ishateremka hadi a1, cheki, cheki, cheki, anamshambulia mfalme wangu kutoka nyuma, na ile nafasi ya e6 ambayo mfalme wangu angejificha nimeijaza mwenyewe na askari. Ni ulinzi wa Philidor, yule mchezaji Mfaransa wa miaka ya 1700, wa kupata droo ukiwa na askari mmoja pungufu, nimeusoma si mara moja.

"Tugawane, mwanangu."

Nikampa mkono, nikamwambia asante mzee, na nilimaanisha.

Leo asubuhi kabla ya chai nimeipanga tena, na hata nisiposukuma bado ni droo. Kwa hivyo kosa si e6, kosa ni pale nyuma nilipokubali kubadilishana farasi juu niliona niko mbele nikataka kumaliza haraka, na nahisi mzee aliliona hilo kitambo kabla yangu. Ubao bado uko mezani, nimerudisha farasi zote mbili, naanzia hapo.