Seva ya muziki imeingia sebuleni

Wapenzi wa muziki mpo? Ile Innuos Zen niliyokuwa naisaka nimeipata, mtumba lakini nzima. Ni kompyuta ya kazi moja tu: kutunza muziki na kuupeleka kwenye DAC, kile kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya kwenda kwenye amplifaya na spika. Haina feni, kwa hiyo usiku husikii mvumo.

Kinachonifurahisha zaidi ni kuhamisha CD. Unaingiza diski, inaisoma, inaihifadhi kwa FLAC (aina ya faili linalobana muziki bila kupunguza ubora), kisha inaitema. Hakuna kinachopotea: vipimo vya sauti ya CD, biti 16 na kilohezi 44.1, vinabaki kama vilivyokuwa, ila faili linapungua karibu nusu.

Sasa kasheshe ni majina. Weka jazi ya Marekani, jalada na orodha ya nyimbo vinakuja vyenyewe kutoka kwenye intaneti. Weka taarab ya Unguja uone! "Wimbo wa 1", "Wimbo wa 2", hadi mwisho. Basi nakaa na simu naandika mmoja mmoja, nani anaimba, nani anapiga kanuni, nani anapiga udi. Mke wangu akipita ananiuliza kama nimeajiriwa maktaba.

Sauti je? Nzuri mno, ila wanaosema seva peke yake inabadilisha kila kitu wanatia chumvi. Spika na chumba ndivyo vyenye kauli kubwa. Na kabla ya yote nunueni UPS, yaani betri ya akiba, maana umeme ukikatika seva ikiwa inaandika kwenye diski yake ya ndani, faili linaweza kuharibika.

Mwenye majalada ya CD za taarab za zamani apige picha anitumie inboksi. Yangu mengi yameliwa na unyevu.