Usukani mrefu kwenye Boxer: sasa ni zamu ya nyaya

Usukani mpya wa pikipiki yangu umekaa. Bomba lake ni la milimita 22 kama la kiwandani, kwa hiyo vishikio, swichi na mikono ya klachi na breki vimeingia bila kulazimisha. Umeinua mikono yangu sentimita 9 na kuirudisha sentimita 4 kuelekea kifuani. Kwa mtu mrefu kama mimi anayepanda barabara ya Mgeta, huko milimani Morogoro, ambako nusu ya safari unasimama juu ya vikanyagio, mgongo umeshapona kabla hata ya kuwasha injini. Ila nyaya za zamani za klachi, resi na breki hazifiki.

Ushauri wa kwanza unaopewa gereji ni kubadilisha zote. Mimi nimezipitia mmoja mmoja. Waya wa spidi sijaugusa, kwa sababu saa ya spidi kwenye Boxer yangu imekaa pamoja na taa ya mbele, na taa imeshikwa na shokapu. Usukani upande juu ushuke chini, saa haisogei. Waya wa breki ya mbele ni mfupi, lakini hauna shida ya kona: unaanzia mkononi na kuishia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu la mbele, na vyote viwili hugeuka pamoja na usukani. Kinachohesabika hapo ni kimo tu, pamoja na shokapu kupanda na kushuka.

Klachi na resi ndizo zenye kazi. Upande mmoja umefungwa kwenye usukani unaozunguka, upande wa pili kwenye injini na kabureta ambazo hazisogei. Ukikata kulia, mkono wa klachi unakwenda mbele na waya unavutika. Ukikata kushoto, inakuwa zamu ya resi. Waya wa resi ukiwa mfupi, kona yenyewe inakuongezea mafuta, na hilo likikukuta unageuza pikipiki taratibu kwenye mteremko wenye kokoto ni hatari kubwa. Ndiyo maana sikutaka kununua chochote kabla ya usukani kufungwa na kukazwa mahali pake.

Kupima nimetumia kipande kirefu cha ganda (bomba la nje ambamo waya hupita) la waya wa zamani kutoka gereji. Kamba hujikunja popote na inakudanganya, ganda linapinda pale tu waya halisi utakapopinda. Nililipitisha kuanzia kwenye mkono wa klachi, mbele ya shingo ya fremu, chini ya tenki, hadi kwenye injini, kisha nikazungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto huku naangalia kama linabanwa au linavutwa. Klachi imetaka nyongeza ya sentimita 11, resi 10, breki 9.

Kuna wanaosema weka mrefu zaidi, utajipanga wenyewe. Sikubaliani nao. Waya unaozidi lazima upinde mahali fulani, na kila mpindo unakula nguvu ya mkono. Kinachohesabika ni jumla ya mipindo yote njiani. Kwa msuguano wa 0.1 kati ya waya na ganda, mipindo yenye jumla ya digrii 180 inadai nguvu ya ziada ya karibu asilimia 37. Ikifika digrii 360, yaani duara zima, nyongeza ni karibu asilimia 87. Klachi iliyokuwa laini inakuwa adhabu kwenye foleni ya Msamvu, hapa Morogoro mjini.

Halafu kuna kipimo ambacho wauzaji wengi wa spea hawakiulizi: waya tupu, yaani urefu wa waya unaobaki nje ya ganda ukijumlisha ncha zote mbili. Huo haubadiliki hata usukani ukiwa mrefu namna gani, kwa sababu mkono wa klachi unavuta umbali uleule kama zamani. Klachi ya kiwandani, nikiwa nimerudisha nati za kurekebishia hadi mwisho, ilikuwa na ganda la sentimita 92 na waya tupu wa 9.5. Mpya inatakiwa iwe na ganda la 103 na waya tupu uleule wa 9.5, jumla 112.5. Waya tupu ukipungua, klachi haishiki sawasawa na inateleza; ukizidi, nati zinafika mwisho na gia bado zinagoma. Nenda dukani na waya wako wa zamani mkononi, na ulinganishe vichwa pia, yaani vipande vya chuma vinavyoshika ncha za waya, maana urefu unaweza kulingana na kichwa kikakataa kuingia.

Breki nimenunua iliyotoka kiwandani, ya pikipiki ya porini yenye shokapu ndefu, yenye vichwa na waya tupu sawa na wa kwangu. Kwa breki sitaki kichwa cha kuchomelea. Klachi na resi nimetengenezewa na fundi hapa Morogoro, na kazi yake niliisimamia kwa macho. Alipitisha waya kwenye kichwa cha shaba, akafumua nyuzi za mwisho zikachanua kama ua ndani ya tundu lenye mdomo mpana, akapaka asidi, ndipo akajaza risasi ya moto. Nyuzi zikichanuka hivyo, kichwa hakiwezi kuchomoka bila kukata waya wenyewe.

"Kaka, wengine wanachovya tu risasi juu," aliniambia. "Inashika wiki mbili."

Tulikifunga kichwa kwenye jiliwa na kukivuta kwa nguvu zetu zote kabla sijalipa.

Ganda la klachi lina plastiki ndani, kwa hiyo sikutia grisi nzito. Inakusanya vumbi na kugandamana humo. Nimefunga, nikaacha mchezo, yaani ulegevu kabla waya haujaanza kuvuta, wa milimita 15 kwenye ncha ya mkono wa klachi na milimita 4 kwenye mzunguko wa resi, ndani ya vipimo ambavyo vitabu vingi vya Honda vinataja: 10 hadi 20 kwa klachi na 2 hadi 6 kwa resi. Kisha nikawasha injini, gia huru, ikakaa sailensa, yaani mlio wa chini bila resi, nikakata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Mlio haukupanda hata kidogo.

Kilichobaki ni nyaya za umeme za swichi ya kushoto, ambazo zinakaza ninapokata kulia. Jumamosi nitazirefusha kwa sentimita 10, kila waya kwa rangi yake, viungo vyote vikae ndani ya taa ambako mvua haifiki.