Mchanga wa Lutoboka

Shemeji alikuwa mgeni kutoka Mombasa, na mara tu tuliposhuka kwenye feri katika bandari ya Lutoboka, Ziwa Victoria, aliuliza swali la mtu wa pwani: "Hapa maji yanakupwa saa ngapi?"

Mzee aliyekuja kutupokea, mvuvi mwenye Kiswahili cha Ukerewe, alicheka hadi akajishika kiuno. "Mwanangu, haya hayafuati mwezi. Yanafuata upepo na mvua."

Hivyo ndivyo tulivyoanza matembezi ya fukwe za Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote 84 vya Ssese, Uganda. Tulikuwa tumevuka kutoka Nakiwogo, Entebbe, kwa MV Kalangala. Siku hizo iling'oa nanga saa nane mchana na kutumia kama saa tatu na nusu njiani, kwa hiyo ukifika Lutoboka umebakiwa na mwanga kidogo tu. Karibu na ikweta jua huzama kwenye saa moja jioni mwaka mzima, na giza halisubiri. Tukalala.

Kuhusu maji mzee alikuwa na ushahidi. Mei 2020 kipimo cha kimo cha maji ya ziwa huko Jinja kilifika mita 13.42, kikaipita rekodi ya miaka ya 1960, na ziwa likapanda juu ya fukwe. Tulipokwenda sisi maji yalikwisha kurudi, ila yaliacha visiki vya miti iliyokufa, misingi ya vibanda na nguzo za magati, vingine vikiwa vimejificha chini ya maji ya magotini. Alimpa kila mtu fimbo. Unachoma mbele ndipo unakanyaga, na huvui viatu, maana mbali na visiki kuna ndoana zilizokatika na vipande vya nyavu.

Tuliondoka asubuhi, mawingu ya usiku yalipokwisha kutawanyika. Dhoruba za ziwa hili hupenda usiku na alfajiri: nchi kavu hupoa upesi, upepo hutoka pande zote kuelekea majini na kukutana juu ya maji ambayo bado yana joto. Wingu jeusi likionekana upande wa kati ya ziwa, mashua haitoki, hata kama abiria wamelipa.

Mashua yenyewe mzee alituacha tuikague, jambo ambalo wenye mashua wengi hulichukia. Mashine moja, makasia mawili ya akiba, kopo la kukumbia maji, mafuta ya kwenda na kurudi na ziada juu yake. Jaketi za kuokolea maisha zilikuwa sawa na idadi ya watu. Alizijaribu kwa kuvuta mabega juu kwa nguvu: ikipanda hadi masikioni, hiyo ni kubwa mno au mikanda imelegea, na ukianguka majini itakuvuka. Ya shemeji ilibadilishwa.

Lakini kilichochukua asubuhi yote kilikuwa ni kichocho. Wageni huona mchanga mweupe wakadhani ufukwe ni salama, na mimi nasema mchanga ndio kitu cha mwisho cha kutazama. Kwenye ghuba ndogo ya kwanza mchanga ulikuwa safi kabisa, ila pembeni palikuwa na matete na mafunjo, maji yametulia, na fimbo ilipozama ilitoka na tope jeusi. Mzee aliokota ganda la konokono kwenye jani la gugu maji: bapa, limejizungusha kama kamba iliyokunjwa. Mdudu wa kichocho hukulia ndani ya konokono huyo, kisha hutoka majini akitafuta ngozi ya mtu. Hutoka kwa wingi jua likiwa kali, karibu na saa sita mchana, na upepo unaovuma kutoka ziwani huwasukuma hadi ukingoni, pale pale watoto wanapochezea. Juu ya kilima hapo palikuwa na vibanda vya wavuvi visivyo na choo. Mayai ya mdudu huja majini na kinyesi, kwa hiyo ghuba nzuri iliyo chini ya kambi isiyo na choo ni ya kupiga picha tu.

Mbele kidogo rasi ilikuwa wazi, mawimbi yakipiga, mchanga wa chenga chenga, hakuna jani. Huko hatari hupungua, haiishi. Aliyetaka kuogelea aliingia kutoka kwenye mashua, mbali na ukingo. Kujisugua kwa taulo baadaye si kinga ya kutegemea. Maji ya kuoga tulipofikia yalikuwa ya tangi lililotulia siku mbili, muda ambao mdudu asiyepata mtu huwa amekufa.

Mwalo tuliopita, yaani ufukwe wa kupakulia samaki, ulikuwa umetandikwa dagaa juu ya nyavu, tukazunguka kwa nyuma. Huko nyuma mzee alisimama ghafla. Njia ya kiboko ina mifereji miwili na tuta katikati, na kinyesi kilikuwa kibichi. Kosa ni kusimama kati ya mnyama na maji, kwa hiyo tulirudi upande wa mwalo bila kubishana.

Mchana, mzee akiwa amekwenda kutafuta mafuta, kamba ya mashua ilinasa kwenye matete. Shemeji akakunja suruali na kuingia hadi mapajani kuinasua. Dakika chache tu.

Kurudi Mombasa alikuwa akichungulia mkojo kama una damu, kwa kuwa kichocho cha pwani ndivyo kinavyojionyesha. Cha ziwa hili hukaa kwenye mishipa ya utumbo, na kipimo chake ni cha choo. Nilimwambia asubiri wiki nane, maana mapema zaidi mayai hayajaonekana, na dawa, praziquantel, haiui minyoo michanga. Kipimo kilionyesha mayai. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Shemeji ana kilo 75, kwa hiyo alipewa vidonge vitano vya miligramu 600, akavimeza baada ya chakula, upesi upesi, kwa sababu ni vichungu kupita kiasi na hutibua tumbo.