Rafu ya Sahani Sita

Leo baada ya magharibi nimetundika rafu ya mbao ukutani, juu ya meza ya chakula, na nimezipanga juu yake sahani sita za kauri alizoniachia bibi yangu. Sahani hizo zilikuwa ndani ya sanduku, zimefungwa kwa kanga yake, tangu nilipohamia katika nyumba hii ya kupanga huku Temeke. Kila nilipolifungua sanduku nilizihesabu, nikazifuta vumbi, nikazifunga tena, kwa sababu sikuwa na mahali pa kuziweka, na rafu za mninga nilizoziulizia bei kwa mafundi wa Keko zilikuwa nje kabisa ya uwezo wangu.

Nilianza kuitamani rafu ya namna hii nilipofika Lamu miaka kadhaa iliyopita. Katika nyumba za kale za mawe nilioneshwa ukuta wa zidaka, yaani vishubaka vidogo vilivyonakshiwa kwa chokaa, safu juu ya safu, ambamo wenye nyumba walipanga vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi. Nilichokipenda ni kwamba kila chombo kilikuwa na nafasi yake, hakikufichwa wala hakikurundikwa. Ukuta wangu ni wa tofali za saruji, tena si wangu kuuchonga. Nikaona kidaka changu kiwe cha mbao, ili siku nitakapohama nihame nacho.

Mbao nimezitoa kwenye paleti mbili zilizotumika, yaani vile vichanja vya mbao vinavyowekwa chini ya mizigo, nilizonunua kwa shilingi 6,000 kila moja kwa kijana anayeziuza karibu na maghala ya Chang'ombe. Kabla ya kulipa nilizigeuza zote, moja baada ya nyingine, nikitafuta mhuri. Paleti iliyovuka mpaka wa nchi kwa kawaida huwa imepigwa mhuri wenye alama ya suke la ngano, herufi mbili za nchi ilikotoka na herufi za namna mbao ilivyotibiwa ili isisafirishe wadudu. HT maana yake ni kwamba mbao ilipashwa joto hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika zisizopungua 30. MB maana yake ni kwamba ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi, ambayo ni sumu, na mimi siwezi kuipiga msasa mbao ya namna hiyo ndani ya chumba ninamolala. Ninalisema hili kwa msisitizo kwa sababu nimeona watu wengi wakitengeneza hata vitanda vya watoto kwa paleti bila kuugeuza ubao hata mmoja. Mhuri pia hautoshi peke yake: paleti yenye doa la mafuta au harufu ya dawa niliirudisha hata kama ilikuwa na HT, kwani mhuri hausemi ni mzigo gani uliobebwa baadaye.

Kuzibomoa kulinichukua Jumamosi nzima. Misumari ya paleti ina mikunjo kama ya skrubu, hivyo inang'ang'ania, na ukiivuta kwa nguvu ubao unapasuka kwenye ncha. Niliachana na nyundo, nikachomeka ubapa wa msumeno wa chuma kati ya ubao na kipande cha chini, nikaikata misumari palepale ilipo. Vichwa vilibaki ndani ya mbao kama vitone vyeusi. Nimeviacha, na ninavipenda.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha zaidi ya yote. Rafu hii ni ya pili. Ya kwanza niliitengeneza mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto, kwa mbao zilizokuwa zimenyeshewa uani. Zilionekana kavu kwa nje, nami nilikuwa na shauku ya kuona sahani zimesimama. Nilizipiga randa siku hiyohiyo, nikaziunga kwa gundi, nikazikaza kwa misumari kutoka ncha hadi ncha. Baada ya wiki mbili ndani ya nyumba, rafu ilikuwa imekunjamana kama kigae cha paa, na ubao mmoja umepasuka katikati ya misumari miwili. Mzee mmoja seremala, jirani yangu, aliipokea mikononi, akaitazama kwenye ncha zake, akaniambia, "Mwanangu, hii mbao ilikuwa bado inakunywa maji." Kisha akanionesha pete za mti kwenye ncha ya ubao. Mbao inapokauka husinyaa kwa upana, wala si kwa urefu wa kuonekana, na husinyaa zaidi kwa kufuata pete kuliko kwa kuzikata. Ndiyo maana ubao uliopasuliwa kandokando ya kiini hujipinda, pete zake zikielekea kunyooka. Mimi nilikuwa nimeukaza pande zote mbili kwa misumari, haukuwa na pa kwenda, ukapasuka.

Kwa hiyo mara hii nilingoja. Nilizipanga mbao chumbani juu ya vijiti, zikiwa na nafasi kati yake ili hewa ipite, nikaziacha wiki sita bila kuzigusa. Ulikuwa ungojeaji mgumu kuliko kazi yenyewe. Nilipita mbele yake kila asubuhi nikienda kazini, na nilianza kuzijua: huu una fundo linalofanana na jicho, huu una mstari wa utomvu, huu ni mwepesi kuliko wenzake. Ni mbao laini za jamii ya msonobari, mti uleule unaopandwa katika Shamba la Miti Sao Hill kule Mufindi, lakini hizi ziliota ng'ambo. Sioni aibu kwamba si mninga. Mninga huchukua miaka mingi mno porini kufikia unene wa kupasuliwa, na kuukata kwa ajili ya kusimamisha sahani sita, ilhali mbao safi zinachomwa kama kuni nyuma ya maghala, kwangu lingekuwa jambo la kusikitisha.

Kazi iliyofuata ilikwenda upesi. Mbao tatu zenye upana wa takriban sentimita 9 kila moja, zimekatwa kwa urefu wa sentimita 90, na safari hii sikuziunga kwa gundi, bali nimeacha mwanya wa milimita tatu kati yake ili zipumue. Kwenye ubao wa mbele nilichimba mfereji kwa patasi, wenye kina cha kutosha kuzuia kitako cha sahani kisiteleze. Nilipohitaji msumari, kwanza niligonga ncha yake ikawa butu, kama alivyonielekeza mzee yule, kwa sababu ncha kali hupenya kati ya nyuzi za mbao na kuzitenganisha, ilhali butu huziponda na kupita. Msasa nilianza na namba 80, nikaenda 120, nikamaliza na 220, kila mara kwa kufuata nyuzi. Mwisho nikapaka mafuta ya kitani mara mbili, kidogo kidogo, na kitambaa nilichopakia nikakitandaza uani hadi kikakauka, kwani kikikunjwa na kuachwa pembeni mafuta hayo huzalisha joto yanapokauka na kitambaa kinaweza kushika moto chenyewe. Nikijumlisha paleti, msasa, mafuta, skrubu na plagi za ukutani, sikufikisha shilingi 35,000. Randa na keekee niliazima.

Upande wa chini wa ubao wa kati sikuupiga msasa. Mhuri upo palepale, mweusi, suke la ngano na herufi IN za India, na mtu akikaa kwenye kiti cha mwisho akainua macho anauona. Bibi alikuwa akisema sahani zake nazo zilitoka Bara Hindi kwa jahazi, zikashushwa Pangani kabla mama hajazaliwa. Mama atakuja kesho kwa chakula cha mchana. Hajaziona sahani hizi zikiwa pamoja tangu msiba, na ile yenye ufa mdogo ukingoni, aliyoiangusha yeye akiwa mtoto, nimeiweka upande wa dirisha, kwenye mwanga.