Krismasi ya Sisi Tuliobaki Kaptembwo

Ikifika tarehe 20 Desemba, barabara kuu inayopita Nakuru hailali. Mabasi na matatu kutoka Nairobi yanaelekea Kakamega, Bungoma, Busia na Kisumu, magodoro yamefungwa juu, na foleni ikikaza abiria wanashuka kununua mahindi ya kuchoma na kulikuta gari pale pale walipoliacha. Kila mtu anaenda ushago, yaani nyumbani kijijini.

Mwaka huu hatukwenda. Nauli ya Luanda, kule kwetu Vihiga, ilipanda maradufu, magoti yanamsumbua mama, na guku, nyanya yetu, alitupigia simu kutoka huko akatukataza kukopa kwa ajili yake. "Njooni Pasaka," alisema. Niliumia, kwa sababu tarehe 26 Desemba ndiyo siku ya tamasha la utamaduni wa Wamaragoli pale Mbale, na napenda sana kumwona guku akiwa kati ya wazee wenzake siku hiyo.

Ploti yetu, ua wa vyumba vya kupanga katika mtaa wa Kaptembwo hapa Nakuru, ilibaki kimya. Karibu milango yote ilipigwa kufuli. Tuliosalia ni sisi, Mama Njeri, Mama Chebet, na Baba Otieno, ambaye analinda ghala usiku na hakupewa ruhusa.

Jioni ya mkesha, Mama Njeri alitoa karai uani ili atupikie chapati. Unga, chumvi, sukari kidogo, maji ya uvuguvugu, mafuta, kisha akakanda mpaka jasho likamtoka. Akaufunika kwa kitambaa, ukapumzika. Alipousukuma aliupaka mafuta, akaukata vipande virefu na kuviringisha kila kimoja kuwa donge. Mimi nilipewa jiko la makaa. "Usiibonyeze mapema," aliniambia. "Ngoja mapovu, ndipo ugeuze." Nilifanya hivyo, na zilitoka laini, zikichambuka tabaka kwa tabaka.

Mama Chebet alileta mursik, maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet, yana rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Baba Otieno alitumiwa samaki aina ya ngege na kakake kutoka Kisumu kwa basi la usiku. Sisi tulichinja jogoo, maana Krismasi bila kuku kwetu haijafika. Sahani zilizunguka siku nzima kutoka mlango hadi mlango, na hakuna iliyorudi tupu. Watoto walikula haraka haraka, wakavaa nguo mpya, wakapelekwa Nyayo Gardens kupigwa picha.

Baada ya kula, watu wazima tulibaki uani, na mmoja wa vijana akauliza kwa nini Mama Njeri na mama huitana dada na hali mmoja ni Mkikuyu na mwingine Mluhya. Kwa miaka yote niliyoishi nao, sikuwa nimewahi kusikia wakilieleza jambo hilo mbele ya watu.

Nilikuwa darasa la tatu. Uchaguzi ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, matokeo ya urais yakatangazwa tarehe 30, na mwaka mpya ukatukuta tumejifungia ndani. Mwishoni mwa Januari ghasia za kikabila zilizofuata matokeo hayo zilifika Nakuru, na Kaptembwo ikawaka. Mama alimwingiza Mama Njeri na watoto wake chumbani kwetu, akafunga kufuli kwa nje, akaketi mlangoni akichambua maharagwe. Vijana wenye rungu walipouliza, alisema wenye nyumba wamesafiri. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake. Nakumbuka mikono yake ilivyoendelea kuchambua bila kusita, na maharagwe mazuri yakiangukia kwenye uchafu.

Mama Njeri aliishi baadaye kwenye mahema, katika uwanja wa maonyesho ya kilimo. Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, lakini ilichukua muda mrefu kabla hajathubutu kurudi. Majirani wengine hawakurudi kabisa.

"Nilirudi kwa sababu ya huyu," alisema, akamgusa mama begani. Kisha akawageukia vijana. "Uchaguzi wa 2027 unakuja. Mtu akiwapa pesa mje kwenye mlango huu, mtakuwa mmekuja kwangu." Hakuna aliyejibu. Kijana aliyeuliza aliinuka akamwongezea chai. Nilimpenda kwa hilo.

Tarehe 31 tulikwenda kesha, kila mmoja kanisani kwake, kisha tukakutana getini usiku wa manane tukipeana heri ya mwaka mpya huku watoto wakigonga masufuria. Waliosafiri walirudi taratibu na ndizi, mahindi na kuku hai, wakalalamika kuhusu karo na sare za shule.

Jumapili iliyofuata wanawake wa ploti walianzisha chama: shilingi 50 kwa wiki kila mlango, ili Desemba ijayo tuchinje mbuzi na kula pamoja kabla ya yeyote kupanda gari. Mama Njeri ndiye mweka hazina. Baba Otieno ameshalipa mpaka Machi.